Kununua duka linaloendelea na biashara Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa anayenunua mara ya kwanza

Tangazo huwa lilelile: "Duka linauzwa, mzigo na vifaa vyote ndani, linatembea vizuri, mwenye nalo anasafiri." Mnunuzi anafika jioni, anakuta wateja wamejipanga dirishani, rafu zimejaa, friza mbili zinaunguruma. Analipa. Mwezi wa pili anatokea mwenye nyumba na kusema yeye hajui kama duka limeuzwa, na fremu (chumba cha duka) anaitaka.

Wanaopoteza pesa kwenye ununuzi wa namna hii hupotezea mahali pawili: walilipa kabla ya kukaa na mwenye fremu, na waliamini mauzo ya mdomoni. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba mianya hiyo miwili kabla ya mingine. Mfano tunaotumia ni duka la vyakula la rejareja lenye uwakala wa pesa za simu, lakini mpangilio ni huohuo kwa saluni, mgahawa au duka la steshenari.

## Kwanza, unanunua nini?

Kwenye biashara ndogo ya mtu mmoja, vinavyouzika ni vinne tu: mzigo, vifaa, nafasi (yaani fremu) na wateja. Nafasi yenyewe si mali ya muuzaji, naye hana uwezo wa kukupa bila mwenye nyumba.

Visivyouzika ni vingi kuliko watu wanavyodhani. TIN (namba ya mlipakodi) ni ya mtu, hairithishwi. Leseni ya biashara imetolewa kwa jina lake. Mashine ya EFD (ya kutolea risiti za kodi) imesajiliwa kwa TIN yake, na kila risiti utakayotoa inahesabiwa kuwa mauzo yake. Laini za uwakala zimesajiliwa kwa alama zake za vidole. Akikwambia "leseni bado ina miezi saba, utaitumia tu", ujue anakuuzia kitu ambacho hakipo. Weka bei yake sifuri.

Kama wewe si raia wa Tanzania, simama hapa kwanza. Amri ya mwaka 2025 iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo uwakala wa pesa za simu, saluni na ufundi simu. Kutumia jina la Mtanzania kama kivuli ni kosa kwenu wote wawili.

## Andaa haya kabla ya kwenda kuona duka

- Kitambulisho cha NIDA na TIN yako mwenyewe.
- Daftari kubwa la mistari na kikokotoo. Simu ikiisha chaji katikati ya kuhesabu mzigo, kazi inaanza upya.
- Wakili. Hakikisha jina lake limo kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama na leseni yake ya mwaka ipo hai.
- Fundi wa friji wa kwako, asiyejuana na muuzaji.
- Akaunti ya benki, kwa sababu malipo yote makubwa yatapita huko.
- Akiba mbali na bei ya kununulia: pesa ya kujaza mzigo wa mwezi mmoja, mtaji wa uwakala, na kodi ya fremu ambayo mara nyingi huombwa ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mtu mwenye milioni 10 asinunue duka la milioni 10.

## Hatua ya 1: Mjue muuzaji na haki yake ya kuuza

Omba nakala ya kitambulisho, leseni ya biashara, TIN na mkataba wa pango. Majina yanatakiwa kulingana kwenye zote nne. Yasipolingana, uliza ni kwa nini, na jibu liwe la karatasi.

Kama duka lina jina la biashara au ni kampuni, fanya upekuzi BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Utaona mmiliki aliyesajiliwa ni nani. Mara nyingi anayeuza ni mume huku jina likiwa la mke, au ni mdogo mtu aliyeachiwa kusimamia tu.

Mwenye duka akiwa amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake mkononi. Kikao cha familia hakitoshi, hata wakiwepo wajomba wote. Na kama muuzaji ana mwenza wa ndoa, mwombe mwenza naye asaini mkataba. Maduka mengi yamefunguliwa kwa pesa ya wawili, na ugomvi wa chumbani unaweza kukufungia mlango wa duka.

Ni kampuni? Ukinunua hisa unachukua na madeni yake yote, ya kodi na ya watu. Kwa anayenunua mara ya kwanza, ushauri wetu ni kununua mzigo na vifaa, na kampuni umwachie mwenyewe.

Umefaulu ikiwa: una nakala nne zenye jina moja, na aliyekaa mbele yako ndiye mwenye jina hilo.

## Hatua ya 2: Kaa na mwenye fremu, dalali asiwepo

Hatua hii wengi huisogeza mwisho, na ndiyo inayowaumiza. Kariakoo, Sinza, Mbagala, Tabata, popote pale: anayelipia kilemba (pesa anayotaka muuzaji juu ya mzigo na vifaa ili akuachie nafasi na wateja) bila sahihi ya mwenye nyumba amelipia hewa.

Anza na ofisi ya serikali ya mtaa. Muulize mwenyekiti au mtendaji nyumba ni ya nani na kama ina mgogoro. Nyumba za urithi ndizo zenye mitego: kaka anapokea kodi, dada yuko mahakamani. Mtego mwingine ni mpangaji kumpangisha mpangaji. Muuzaji wako anaweza kuwa mtu wa tatu kwenye mnyororo, na anayemlipa kodi hana ruhusa ya kupangisha.

Ukishampata mwenye nyumba mwenyewe, muulize:

1. Unakubali duka libadilishe mikono?
2. Utanipa mkataba mpya kwa jina langu, kwa muda gani?
3. Kodi itabaki ileile? Ikipanda, ni kwa kiasi gani na lini?
4. Aliyepo anadaiwa chochote: kodi, maji, umeme, taka?
5. Una mpango wa kubomoa, kujenga au kuuza?

Usikubali mkataba wa mwaka mmoja usio na kipengele cha kuhuisha. Utalipa kilemba leo, na mwakani mwenye nyumba atakuona duka limechangamka apandishe kodi mara mbili. Omba angalau miaka miwili, na kiwango cha juu cha ongezeko kiandikwe kwa tarakimu.

Malizeni na suala la kodi za serikali. Mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kukata kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato). Wenye nyumba wengi hutaka pesa yao kamili mkononi na kumwachia mpangaji mzigo huo. Kama pango ni 250,000 kwa mwezi, zuio la mwaka ni 300,000. Mkataba useme nani anaubeba.

Onyo: muuzaji akikwambia "mwenye nyumba ni rafiki yangu, nitamwambia mwenyewe", usitoe hata pesa ya kishika uchumba.

## Hatua ya 3: Kagua eneo

Zunguka jengo lote, mbele na nyuma. Tafuta alama ya X nyekundu (ya kubomolewa) ukutani, hata iliyopakwa rangi juu. Kwa barabara kuu na za mkoa, sheria ya barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na fremu nyingi za pembeni zimekaa ndani yake. Waulize TANROADS kwa barabara kubwa na TARURA kwa za mitaa. Uliza pia kama kuna ujenzi wa barabara unaokuja: kazi za mwendokasi zinaweza kuziba maegesho na njia ya wateja kwa miezi mingi, na kodi ya fremu inaendelea.

Angalia mstari wa maji ukutani, hasa mabonde ya Msimbazi na maeneo ya chini. Duka lililouzwa Februari huenda mwenye nalo anaikimbia masika ya Machi hadi Mei.

Kwenye ghorofa, uliza kama kuna anayechimba chini au kuvunja kuta ili kuongeza fremu. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 liliua watu waliokuwa kwenye shughuli zao za kawaida.

## Hatua ya 4: Pima mauzo kwa njia tatu

Usiulize "unauza shilingi ngapi?" Hilo jibu lake ni bure. Pima mwenyewe.

Njia ya kwanza: karatasi. Omba ripoti Z (jumla ya mauzo ya siku) za EFD za miezi 12, taarifa ya laini za uwakala na ya namba ya malipo kutoka mtandao husika, na risiti za manunuzi ya jumla. Picha ya skrini haitoshi, inahaririwa. Afungue mbele yako.

Muuzaji wa kawaida atasema, "EFD haioneshi yote, unajua mambo ya TRA." Sawa, huenda ni kweli. Lakini kama aliificha serikali mauzo, wewe huna wajibu wa kumlipia mauzo ambayo hawezi kuyathibitisha.

Njia ya pili: manunuzi. Mauzo ya uongo hayana risiti za jumla. Akisema anauza 250,000 kwa siku na faida ghafi ni asilimia 14, basi kwa mwezi wa siku 30 anauza milioni 7.5, na lazima awe ananunua mzigo wa karibu milioni 6.45. Mzigo huo unatoka wapi? Nenda kwa anayemuuzia jumla uulize anachukua kiasi gani. Risiti zikijumlishwa zikafika milioni 3.5, mauzo halisi yako karibu na milioni 4.

Umeme nao husema. Kwa saluni, bucha na vinywaji baridi, omba ujumbe wa manunuzi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) wa miezi sita. Saluni inayodai vichwa 30 kwa siku halafu inanunua uniti za kuwashia taa tu, ina maelezo ya kutoa.

Njia ya tatu: kaa dukani siku 14. Chagua siku zinazoanzia kabla ya mishahara na kuishia baada yake, mfano tarehe 20 hadi tarehe 3. Ukikaa tarehe za mshahara pekee utaona neema isiyokuwepo katikati ya mwezi. Andika kila mauzo, na usiku uhesabu droo pamoja na muuzaji.

Kuna ujanja hapa: muuzaji anashusha bei ya sukari, unga na mafuta wiki ya ukaguzi ili watu wajae. Linganisha bei zake na za maduka mawili ya jirani. Foleni ya sukari inayouzwa chini ya bei ya jumla haina maana yoyote kwako.

Umefaulu ikiwa: njia zote tatu zinakupa namba zinazokaribiana. Zikitofautiana, tumia iliyo ndogo.

## Hatua ya 5: Toa gharama, uone kinachobaki

Tuendelee na duka letu la milioni 7.5 kwa mwezi. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako:

- Faida ghafi (14%): 1,050,000
- Pango: 250,000
- Msaidizi mmoja: 250,000
- Umeme: 90,000
- Maji, taka, ulinzi: 40,000
- Kodi ya mapato na leseni, mgao wa mwezi: 200,000
- Kinachobaki: 220,000

Uwakala unaingiza kamisheni ya 180,000, kwa hiyo muuzaji anakuonesha 400,000 kwa mwezi na anataka kilemba cha milioni 6. Kwa hesabu yake utarudisha pesa ndani ya miezi 15. Lakini laini za uwakala si zake kuziuza. Mpaka usajili zako, uweke mtaji wako na watu wakuzoee, duka linakupa 220,000, na kilemba kinarudi baada ya miezi 27. Mkataba wa fremu ukiwa wa mwaka mmoja, hesabu imekataa.

Kipimo chetu ni hiki: kilemba kirudi ndani ya nusu ya muda wa mkataba wako wa pango. Kwa mkataba wa miaka miwili, hapa kilemba kisizidi milioni 2.64, yaani 220,000 mara 12. Na kumbuka kwamba humo hujajilipa mshahara wewe unayeamka saa kumi na moja alfajiri.

## Hatua ya 6: Hesabu mzigo na ukague vifaa

Mzigo unahesabiwa usiku baada ya kufunga, pande zote mbili zikiwepo, na kila ukurasa unasainiwa. Thamani ni bei ya kununulia ya leo sokoni. Bei ya rejareja haihusiki. Tenga mafungu matatu: mzima, unaokaribia kuisha muda (lipia nusu au pungufu), na uliokwisha au uliokaa mwaka bila kuguswa (usilipie).

Uliza juu ya mali kauli. Bidhaa alizopewa kwa kuaminiana na hajazilipia si zake. Waulize wanaoleta mikate, vocha, maziwa na soda wanamdai nini. Ukinyamaza, watakuja kuchukua mali yao dukani kwako.

Kwa vifaa, angalia haya:

- Friji lenye nembo ya kampuni ya vinywaji. Mara nyingi ni la kampuni, limekopeshwa tu. Omba fomu yake. Usilinunue.
- Kreti, chupa na mitungi ya gesi. Hesabu iliyopo, na uliza dhamana ni ya nani.
- Friza. Liwashwe usiku kucha likiwa na maji kwenye vikombe. Asubuhi yawe yameganda. Fundi wako asikilize kompresa na kuangalia kama imewahi kubadilishwa.
- Mizani. Iwe na muhuri hai wa Wakala wa Vipimo (WMA), ambao huhakiki kila mwaka.
- Mita ya LUKU. Nunua umeme kidogo mbele yake uone kama kuna deni linakatwa. Uliza pia mita inahudumia nani wengine.

Uliza moja kwa moja kama friza au mzigo umewekwa rehani kwa mkopo. Mikopo ya kausha damu (ya riba kubwa) huchukua vifaa vya dukani kama dhamana, na wakusanyaji wake hawajali duka limebadilisha mmiliki. Jirani wa fremu ya pili kwa kawaida anajua.

Daftari la wanaodaiwa dukani mwachie muuzaji alikusanye mwenyewe. Wateja hawamlipi mgeni deni la mwenyeji.

## Hatua ya 7: Wafanyakazi

Mfanyakazi aliyefikisha miezi 12 anapoachishwa kazi ana haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Muuzaji amalize hilo, pamoja na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kabla ya makabidhiano, na mfanyakazi asaini kuwa amelipwa. Ukimtaka abaki, mwandikie mkataba mpya unaoanza siku yako ya kwanza. Ongea naye faragha: yeye ndiye anayewajua wateja kwa majina, na ndiye anayejua kwa nini duka linauzwa.

## Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Mkataba uandikwe na wakili wako, usainiwe na muuzaji, mwenza wake, wewe na mashahidi, huku mwenye nyumba akisaini ridhaa yake. Viambatanisho: orodha ya mzigo, orodha ya vifaa kwa namba zao, na mkataba mpya wa pango.

Vipengele visivyokosekana:

- Madeni yote kabla ya tarehe ya makabidhiano ni ya muuzaji.
- Muuzaji anatamka kuwa hajamuuzia mtu mwingine. Duka moja kuuzwa kwa watu wawili si jambo geni.
- Muuzaji hatafungua biashara kama hiyo ndani ya eneo na muda mliokubaliana, mfano kilomita moja kwa mwaka mmoja. Ukiomba Dar es Salaam nzima kwa miaka 10, hutaweza kulitetea.
- Namba ya simu ya duka wanayoifahamu wateja iachwe au ielekeze kwako, kama usajili unaruhusu.

Gawa malipo: asilimia 10 siku ya kusaini, asilimia 75 siku ya makabidhiano, asilimia 15 baada ya siku 60. Zote kwa benki, zikiandikwa sababu. Muuzaji atalalamikia ile 15. Mnaweza kushuka hadi 10, lakini anayekataa kuacha hata shilingi moja nyuma ana jambo analotaka kulikimbia.

## Hatua ya 9: Karatasi zako, kabla ya kufungua mlango

TRA: sajili biashara kwenye TIN yako, fanyiwa makadirio, upate EFD yako. Leseni ya biashara: omba mtandaoni kupitia mfumo wa TAUSI kwenye halmashauri husika, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Biashara ya chakula inahitaji usajili wa jengo TBS (shirika la viwango) na wahudumu wapimwe afya. Duka la dawa lina utaratibu wake Baraza la Famasi, na vileo vina leseni yake. Muuzaji naye afunge biashara yake TRA kwa eneo hilo na akupe uthibitisho.

Siku ya makabidhiano badilisha vitasa vyote, na siyo kufuli la nje tu.

## Siku 60 za mwanzo

Mwezi wa kwanza usibadilishe bei, mpangilio wala msambazaji. Andika mauzo kila siku na uyalinganishe na zile siku 14. Kushuka kidogo ni kawaida, watu wanakupima. Yakishuka kwa theluthi na hayarudi, tafuta sababu kwanza kwa muuzaji: je, amefungua mtaa wa nyuma?

Kabla ya kuachia ile asilimia ya mwisho, pitia mambo matano: mwenye nyumba hadai kitu cha zamani, LUKU na maji ni safi, hakuna msambazaji aliyekuja na deni, vifaa vyote vilivyo kwenye orodha vipo na vinafanya kazi, na TRA hawajaleta barua kwa jina la aliyetangulia. Deni lolote lililojitokeza, likate kwa maandishi mbele ya wakili, kisha umlipe kilichobaki na msaini wote kuwa mmemalizana.